Uzi wa Miaka Kumi Ukifufuka: Ninavyofanya Kwenye Jukwaa la Wakulima

Nauza pembejeo Ilula, kando ya barabara ya Iringa kwenda Morogoro, na jioni nikishafunga duka nasimamia jukwaa la mtandaoni la wakulima wa mahindi na mboga. Jukwaa lina nyuzi, yaani mada pamoja na majibu yaliyo chini yake, za zamani sana, na mara kwa mara mtu anaandika chini ya uzi uliolala miaka mingi. Wasimamizi wengi wakiona hivyo humwambia "mkuu, umefukua kaburi", kisha wanaufunga. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Naandika haya kwa yeyote aliyepewa kazi ya kusimamia jukwaa lenye umri, hasa la wakulima, wafugaji au mafundi, yaani pale ambapo jibu lililopitwa na wakati linamgharimu mtu pesa.

Kwanza mfikirie aliyeandika. Hakuna kaburi alilofukua. Shamba lake linaliwa, ameingia Google akaandika "viwavi kwenye mahindi dawa gani", uzi wa 2012 ukaja juu kabisa. Kwenye simu tarehe ni herufi ndogo pembeni, wala haikumjia akilini kuitazama. Kwake mazungumzo yale ni ya leo. Ukimkemea ataondoka, lakini lile jibu la zamani ameshalisoma, na kesho asubuhi atalipeleka dukani. Na nyuma yake wako wengine waliofikishwa pale na utafutaji uleule, ila wao hawaandiki kitu. Hao ndio ninaowafanyia kazi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nasoma uzi wote nikiwa na swali moja: je, ukifuatwa leo, utamsaidia mtu au utamponza?

Uzi wetu wa 2012 kuhusu viwavijeshi ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa. Ulimzungumzia kiwavijeshi wa Afrika, anayekuja kwa makundi makubwa, anafyeka majani na nyasi, akimaliza anahama. Viwavijeshi vamizi, wenye asili ya Amerika, waliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wameshafika Tanzania na Kenya. Tabia yao ni nyingine. Kiwavi anaingia ndani ya moyo wa muhindi na kula akiwa humo, na unachokiona juu ni matundu na uchafu kama vumbi la mbao. Dawa inayopuliziwa juu ya majani mchana wa jua haimfikii. Ukimtoa ukamwangalia, usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Sasa mkulima anayesoma uzi wa 2012 anaona neno "viwavijeshi", anaridhika kwamba amepata jibu. Waliojibu hawakumdanganya. Mdudu wake hakuwepo nchini walipokuwa wanaandika.

Nyanya nazo zina habari hiyohiyo. Kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aliingia Tanzania mwaka 2014. Nyuzi za kabla ya hapo zinazohusu michoro kwenye majani ya nyanya hazimjui kabisa. Mtu akibandika humo picha ya tunda lililotobolewa, wachangiaji wa zamani hawawezi kuwa walikuwa wanajibu tatizo lake.

Swali la namna hii nalihamisha. Programu nyingi za majukwaa, kama XenForo, phpBB na Discourse, zinamruhusu msimamizi kutoa chapisho moja kwenye uzi na kulifanya uzi mpya. Kichwa nakiandika mwenyewe, kwa sababu mgeni mwenye wasiwasi huandika "Msaada jamani", na uzi wenye kichwa hicho hakuna atakayeupata msimu ujao. Naweka tatizo, mahali na wakati: "Viwavi ndani ya moyo wa mahindi, Kilolo, Februari 2024". Halafu naweka linki pande zote mbili, uzi wa zamani uelekeze kwa mpya na mpya uelekeze kwa wa zamani. Na kwa mwenye swali naandika hivi:

"Karibu sana ndugu yetu. Swali lako nimelipa uzi wake ili upate majibu ya sasa. Uzi uliousoma ni wa 2012, kabla viwavijeshi vamizi hawajafika kwetu, kwa hiyo tafadhali usinunue dawa iliyotajwa humo mpaka ujibiwe hapa. Tuwekee picha ya kiwavi kwa karibu, kichwani na mkiani."

Sentensi ya dawa nisiposema kingine chochote nitaisema. Picha ya karibu nayo ninaiomba kila mara, maana bila hiyo tutabishana siku mbili kuhusu mdudu ambaye hatujamwona.

Baada ya hapo narudi kwenye uzi wa zamani, na hii ndiyo sehemu ambayo wasimamizi wengi wanairuka. Sahihisho liwekwe juu kabisa, ndani ya chapisho la kwanza. Ukiliweka mwisho, kwenye ukurasa wa tisa, umelificha. Msomaji mwenye bando la kubahatisha anasoma chapisho la kwanza na majibu mawili matatu, basi. Maneno ya mwenye uzi siyagusi hata herufi. Juu yake naandika "Maelezo ya msimamizi", tarehe ya leo, kilichobadilika, na linki ya kwenda. Mistari mitatu inatosha.

Kwenye viuatilifu sina subira kabisa. Tuna nyuzi ambazo watu walishauriana kutumia endosulfani, na endosulfani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili itokomezwe duniani. Ushauri wa aina hiyo nauwekea onyo siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyeufufua. Ziko pia nyuzi zinazosema "angalia kama dawa imesajiliwa TPRI", yaani iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Ushauri wenyewe ni mzuri, ila baada ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 kazi hiyo iko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hapo sihitaji onyo, naweka mstari mmoja wa kumwelekeza msomaji kwenye jina jipya.

Kufuta uzi mzima ni jambo nisilolikubali kirahisi. Ndani ya uzi wenye dawa mbaya unaweza kukuta mzee ameeleza jinsi anavyoandaa kitalu cha nyanya, kina cha kufukia mbegu, namna ya kuzoeza miche jua kabla ya kuihamishia shambani. Maelezo hayo hayajazeeka, na yaliandikwa na mtu aliyeyaishi. Ukifuta, na vile vilivyokuwa sahihi vimekwenda.

Sasa mchangiaji ninayempenda kuliko wote: yule anayerudi kuleta matokeo. Aliuliza, akashauriwa, akanyamaza, na miaka mitatu baadaye anaandika chini ya uzi uleule kwamba alifanya hivi, akavuna vile, na mahali fulani ushauri haukufaa. Huyu asihamishwe. Mshukuru mbele ya watu, na kama programu yenu inaruhusu, libandike jibu lake juu. Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu za kompyuta, humpa nishani maalumu anayejibu swali lenye zaidi ya siku 60 akapata kura tano au zaidi. Wanajua kwamba jibu la kuchelewa mara nyingi ndilo lililopimwa.

Kwa sababu hiyohiyo napinga nyuzi kujifunga zenyewe. Reddit, mtandao mkubwa wa mijadala uliogawanyika kwa jamii, ilikuwa inafunga kila mjadala baada ya miezi 6, na tangu 2021 kila jamii inajiamulia. Discourse haifungi, ila kwa mpangilio wake wa kawaida humwonya anayetaka kujibu mada iliyokaa siku 180 bila mchango. Onyo nalikubali. Kufunga, kwa wakulima, hapana. Mche wa parachichi uliobebeshwa unachukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Anayeuliza leo kuhusu nafasi kati ya mche na mche, matokeo yake yatakuja wakati kufuli lilishawekwa zamani, na jukwaa litabaki na maswali tupu. Kama unaendesha jukwaa la kilimo, weka onyo lije baada ya mwaka mmoja, na uliandike kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Uzi huu una zaidi ya mwaka. Kama unaleta matokeo, endelea. Kama una swali jipya, fungua uzi wako."

Nyuzi za kuuza na kununua ni habari nyingine, hizo nazifunga msimu ukiisha na namba za simu naziondoa. Laini isiyotumika muda mrefu hurudi kwa kampuni na kupewa mtu mwingine, kwa hiyo anayepiga namba ya muuza miche wa 2015 anaweza kumpata mtu asiyejua hata mche ni nini. Au anampata tapeli. Matapeli wanazifufua nyuzi hizi kwa makusudi kwa sababu zinaonekana haraka kwenye Google na zina sura ya kuaminika. Dalili zao hazifichiki: akaunti ya leo, sifa za jumla kama "asante kwa uzi mzuri", kisha namba ya WhatsApp. Futa chapisho, zuia akaunti, usibishane naye. Ugomvi wa zamani uliofufuliwa nao naufunga palepale bila maelezo marefu.

Picha zilizopotea huleta maswali mengi pia. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhia picha, ilibadilisha masharti yake na picha nyingi zilizokuwa zimewekwa kwenye majukwaa zikaacha kuonekana. Mtu akifufua uzi kuuliza "mbona picha sizioni", jaribu kwanza Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao, kwa anwani ya ukurasa wenyewe. Ukikosa, andika juu kwamba picha hazipo tena, asiendelee mwingine kuzisubiri.

Liko jambo moja la kufanya polepole. Wako wachangiaji wetu waliokwisha kufariki, na mgeni asiyejua huwaandikia: "Mzee shikamoo, ile mbegu bado unayo?" Simjibu hadharani katikati ya mazungumzo ya mbegu, wala siachi salamu hiyo ikae bila kuitikiwa. Namfuata PM, yaani kwa ujumbe wa faragha, namweleza kwa heshima kwamba mzee alitangulia mbele ya haki, namwomba asione vibaya. Kisha natafuta mtu mwenye mbegu ileile au maarifa yale amjibu kwenye uzi. Familia ikiridhia, kwenye wasifu wa marehemu naweka mstari mmoja wa kumkumbuka, ili anayefuata ajue kabla hajaandika.

Na uzi wowote ninaolazimika kuufunga, chapisho la mwisho ni langu: sababu ya kufunga, tarehe, na linki ya uzi ambako mazungumzo yanaendelea. Kama uzi huo mpya haupo, naufungua kwanza mimi mwenyewe, ndipo naweka kufuli.