Usikimbilie boya: slalomu ya majini chini ya mwembe

Mpwa wangu anasoma chuo Marekani, na huko kajiunga na timu ya skii ya majini. Mwezi wa sita alikuja likizo Kibosho, wiki sita. Siku ya pili tu alinifuata kibandani ninakotengenezea pampu, akageuza ndoo akaikalia. "Mjomba, kila tripu naishia boya la nne. Kocha ananiambia niwahi. Nitawahije, na boti ndiyo inanivuta?"

Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani, na ndilo limenifanya niandike haya.

Mimi niliendesha boti ya kuvuta watelezaji Ziwa Naivasha kwa miaka tisa. Kupanda skii mwenyewe nilianza nikiwa na miaka 31, kwa sababu wenye boti walikuwa wanarudi Nairobi Jumapili jioni na kuacha petroli kidogo kwenye tangi. Kwa hiyo mchezo huu niliujua kwanza kwa makalio, nimekaa kwenye usukani. Dereva hamwoni mtelezaji, macho yake yako mbele, lakini anamsikia kupitia boti. Mzuri anakuvuta polepole, uzito unaongezeka, kisha unapungua, kama mtu anayefungua na kufunga koki. Asiyejua anakugonga. Kimya, kisha gongo! Kimya, gongo! Ukisikia hivyo mara mbili, anza kupunguza mwendo, maana la tatu utamwokota.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe, yaani slalomu: boti inapita katikati bila kupinda, kwenye njia ya mita 259. Wewe uko nyuma na skii moja, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma yake. Unaingia geti la maboya mawili, unazunguka maboya sita kwa nje, la kwanza kulia, la pili kushoto, hivyo hivyo hadi la sita, kisha unatoka geti la mwisho. Hiyo ndiyo tripu moja. Kila boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Geti hadi usawa wa boya la kwanza ni mita 27, na baada ya hapo mita 41 kati ya usawa wa boya moja na jingine. Ukizunguka yote, boti inaongezewa kilomita 3 kwa saa. Wanaume wanafika hadi 58 kwa saa, wanawake 55. Ukifika hapo mwendo hauongezwi tena, inafupishwa kamba: kutoka mita 18.25 kwenda 16, 14.25, 13, 12, 11.25, na kuendelea. Ukikosa boya au ukianguka umemaliza, yanahesabiwa uliyozunguka. Hakuna "naomba nirudie".

Angalia namba moja hapo. Kamba ya mita 11.25 ni fupi kuliko umbali wa boya. Haikufikishi, pengo linajazwa na mwili wako, mkono na kiuno. Nate Smith wa Marekani mwaka 2013 alizunguka maboya mawili na nusu kwa kamba ya mita 9.75. Yaani kamba imeishia karibu mita mbili kabla ya boya, na skii yake imepita nje ya boya. Nilipomweleza jirani yangu akasema huyo amechanjwa.

Sasa jibu la swali la mpwa wangu. Sisi wa Moshi tumezoea Kilimanjaro Marathon: anayetangulia ndiye mshindi. Slalomu hakuna anayetangulia. Kwa kilomita 58 kwa saa, bingwa wa dunia na mtu wa kawaida wote wanatoka geti hadi geti kwa sekunde 16 na chembe, kwa sababu muda ni wa boti. Mpwa wangu anateleza kwa 49, kwa hiyo ana sekunde 19, na tatu tu kati ya boya na boya. Huwezi kuziongeza. Unachoamua ni sehemu gani ya hizo tatu uhangaike na sehemu gani utulie. Waswahili wanasema haraka haraka haina baraka. Kwenye maji ninabisha kidogo: haraka ina baraka sana, mradi ikae mahali pake. Mahali pake ni kuanzia ulipomaliza kona hadi nyuma ya boti, kwenye yale mawimbi mawili yanayoachwa na boti. Ukishayavuka, kazi imekwisha, acha skii iende yenyewe. Wanaoanza wanafanya kinyume. Wanatoka kwenye kona wamelala, wanashtuka wakiwa nyuma ya boti, wanavuta kwa nguvu zote hadi kwenye boya. Wanalifikia na mwendo mkali, hawawezi kupinda, wanapita mbali, kamba inalegea, kisha inakaza ghafla. Gongo.

Kwa hiyo kazi ya wiki sita ilikuwa hiyo tu. Tatizo, maji. Duluti ni kaziwa ka kupiga kasia, Chala ni shimo lenye kuta, bwawa la Nyumba ya Mungu kuna nyavu za wavuvi kila upande na sitaki kesi. Tukafanya nchi kavu.

Nilinunua soko la Mbuyuni kamba ya manila mita 20. Kishikio tulikata mpini wa jembe, kipande cha sentimita 30 hivi, tukakitoboa ncha zote mbili, tukakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisichubue. Kamba tukaifunga kwenye mwembe, juu kidogo ya kiuno.

Simama miguu ikiwa imepangana kama kwenye skii, ubavu kwa mti, kamba imekaza. Sasa egemea upande usio wa mti, mwili wote kwa pamoja, kama nguzo iliyoinama. Mikono imenyooka, kishikio kiko chini karibu na nyonga, magoti yamelegea kidogo, kifua wazi. Hapo ndipo kila mtu anapokosea: anatoa makalio nyuma na kukunja viwiko. Mpwa wangu alifanya hivyo siku ya kwanza, nikamwuliza kama amewahi kumtoa mbuzi mbishi gulioni Kiboriloni. Ukimvuta mbuzi kwa mikono, anakushinda, na mikono inauma hadi kesho. Ukiifunga mikono kiunoni na kuegemea, uzito wako wote unafanya kazi na wewe unaendelea na maongezi. Boti ni mbuzi mwenye nguvu za farasi mia tatu na zaidi. Mikono haiwezi, mifupa inaweza.

Jambo la pili chini ya mwembe ni mkono mmoja. Unapokaribia boya unaachia mkono wa nje, ulio mbali na boti, na kubaki na ule wa upande wa boti. Mkono unaobaki unaenda mbele taratibu, kuelekea boti, huku skii ikiendelea kwenda nje. Usiutupe. Ukiutupa umeikabidhi boti mwili wako mapema, na bega litageuka kabla ya skii. Halafu kurudi: usikivute kishikio kije kwako. Wewe ndiye unayekifuata. Nyonga inaenda kwenye kishikio, mkono wa pili unashika, ndipo unaegemea. Tulirudia hili mara 40 kila jioni, ishirini kulia, ishirini kushoto, na upande wake mbovu nikaongeza kumi. Kila mtu ana upande mbovu, inategemea mguu upi uko mbele. Usiufiche. Upande mzuri hauhitaji mazoezi ya kujisifia.

(Usipitishe mkono wala kiwiko ndani ya kishikio, na usizungushe kamba mkononi, hata hapo kwenye mti. Nchi kavu ni mzaha, kwenye maji bega linatoka.)

Wiki ya pili tukaenda uwanja wa mpira wa shule. Njia nzima haienei, lakini geti na maboya mawili ni mita 68 kwa urefu na 23 kwa upana, inaingia vizuri. Tulipima kwa futi kamba, tukachomeka mambo za mti, yaani vigingi, na kuzifunga vitambaa vyekundu. Dakika kumi hazikupita, mzee mmoja akaja kuuliza uwanja umeuzwa kwa nani. Kwa Mchaga ukichomeka mambo umeanza kesi. Nilipomwambia ni mchezo wa majini akatazama juu mlimani, akatazama majani makavu chini, akaondoka bila kuaga.

Zoezi la uwanjani ni la kutembea, si la kukimbia. Mimi boti, natembea katikati na kamba kiunoni, yeye nyuma ameshika kishikio. Anajitoa kushoto kabla ya geti, anasubiri, anageuka, anapita getini akielekea kulia. Nilimpa sheria tatu. Ya kwanza, mpaka nyuma yangu aegemee kweli, nisikie kamba inanikata. Ya pili, akishanivuka, aache kuvuta lakini asikiache kishikio kiondoke mwilini, viwiko vibaki vimebana mbavu, mpaka karibu na boya. Ya tatu ndiyo iliyomtoa machozi: asilitazame boya.

Ukilitazama boya utalielekea, na ukilielekea umeshachelewa, kwa sababu boya si mahali pa kuanza kona. Dereva wa Hiace anayeshuka kutoka Kibosho hangoji kufika kwenye kona ndipo akanyage breki. Anamaliza breki juu, kona anaiacha gari ijipinde. Boya nalo ni mahali ambapo kona inakaribia kwisha. Lenga sehemu ya hewa tupu, nje ya boya na kabla yake, kama mita moja. Macho yawe mbali, mwisho wa ziwa. Boya utaliona kwa pembeni, halikimbii, limefungwa nanga. Uwanjani nilimwekea shati langu jekundu kwenye goli la mbali na kumwambia ataje rangi ya kila mtoto anayepita karibu nalo. Akikosa, turudie. Watoto wakaanza kupita makusudi.

Kichwani sasa. Mwendo wa kuanzia kwenye mashindano unachagua mwenyewe, na hapo ndipo kiburi kinapolipwa. Anza na ule unaoumaliza mara kumi kwa kumi, hata kama mwenzako ameanza juu yako. Ukianguka tripu ya kwanza umekwenda nyumbani na pointi za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kabla boti haijaondoka chagua neno moja. Moja tu. Nilivuta daktari mmoja aliyekuwa anajikumbusha mambo saba kabla ya geti, na sijawahi kumwona akifika boya la tano. Mpwa wangu alichagua "nyonga".

Na ukiharibu boya la pili, usilitengeneze kwenye la tatu. Hili ndilo lililonitupa mimi mara nyingi. Umechelewa, unasema nitakata kona kali nifidie. Unaikata, skii inasimama, kamba inalegea kama kamba ya nguo, na boti haijui kwamba umesimama. Nilipasuka mdomo hivyo, nikala uji siku nne. Aliyechelewa apinde kona ile ile ya kawaida, aegemee mapema zaidi kidogo nyuma ya boti, akubali kuchelewa tena kwenye la tatu lakini kwa nusu. Kufikia la tano amerudi.

Dereva pia anahitaji utulivu wako. Zamani mwendo tulishika kwa mkono, na Naivasha iko juu sana, injini inapumua kwa shida, mtelezaji akivuta sana unaongeza mafuta kwa kubahatisha. Siku hizi boti za mashindano zina Zero Off inayoshika mwendo kwa satelaiti. Ila nayo inajibu unachokifanya: ukiigonga kamba, injini nayo inakujibu kwa kukuongezea, wakati ambao hutaki. Ukivuta taratibu, nayo inakuvuta taratibu.

Ukianguka, nyoosha mkono juu ili wa botini ajue uko mzima, kisha kaa hapo ulipo uvae skii yako. Subiri maji yalale kabla ya tripu nyingine. Mawimbi ya boti yanaenda ufukweni na kurudi, na anayeondoka kabla hayajalala ameyatengenezea maboya yake matuta. Dakika hizo za kusubiri ndizo za kulirudia lile neno, si za kuhesabu umebakiza mangapi.

Aliondoka mwezi wa nane na kishikio chake cha mpini wa jembe kwenye begi. Uwanja wa ndege walimfungua na kumwuliza ni nini, akasema ni cha kufundishia mbuzi. Septemba akanitumia sauti kwenye simu, upepo mwingi: amemaliza sita kwa 49, boti ikapandishwa 52, akapata mawili.

Nikamwuliza la tatu alilikosaje.

"Nililitazama, mjomba."