Somo: Shada la ndoo ya kwanza, kinga ya maziwa ya kondoo huko Bulgaria

Ndugu wafugaji, leo tuangalie Gergyovden, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, Mei 6, kama wachungaji wa Bulgaria walivyoiadhimisha vijijini. Wengi huikumbuka kwa nyama ya mwanakondoo. Mimi naona kiini chake ni maziwa, maana ndoo ya siku hiyo ndiyo hufungua msimu wa kukamua.

1. Kabla ya jua kuchomoza, chuma majani yangali na umande. Usikose zdravets: ukiyafikicha majani yake, harufu haitoki vidoleni upesi. Jina lenyewe linatokana na zdrave, yaani afya. Ongeza kopriva, jani lile liwashalo ambalo Wakikuyu huliita thabai. Linalomchoma mtu, waliamini, litamchoma na mchawi.

2. Tundika matawi mabichi mlangoni pa zizi. Iliaminika kwamba usiku wa kuamkia sikukuu wachawi wa kike hupita mashambani uchi, wakiburuta kitambaa kukusanya umande, na umande ule ukiondoka, baraka ya maziwa ya jirani imeondoka nao.

3. Sokota mashada mawili. La kwanza mvishe kondoo aliyetangulia kuzaa mwaka huo, la pili lizungushie mdomo wa ndoo. Kondoo huyo ndiye anayeanza kukamuliwa, na maziwa yapite katikati ya shada. Hapo nyamaza usikilize: chirizi la kwanza linalia kwenye bati, kisha sauti inazama povu likipanda hadi kwenye majani. Vijiji vingine huweka mkate wenye tundu badala ya shada.

4. Mwanakondoo dume wa kwanza huvishwa shada, hulambishwa chumvi, kisha huchinjwa. Mifupa huzikwa kwenye kichuguu cha sisimizi, ili kundi liongezeke kama wao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mbona kwingine nasikia Aprili 23?
Ni siku ileile. Kalenda ya zamani ya Juliani iko nyuma kwa siku 13.

Shikamoo mwalimu. Zdravets nimlishe kondoo mwenye minyoo?
Marahaba mwanangu. Hapana, hilo ni jani la shada. Kwa minyoo mwite daktari wa mifugo.

Na Waislamu wa huko je?
Waturuki wana Hıdırellez, usiku wa Mei 5 kuamkia 6. Wanaamini Khidhri, yule mja mwema wa masimulizi ya Kiislamu, na Nabii Ilyasi hukutana duniani usiku huo. Sisi wa pwani majina hayo tunayajua tangu chuoni, yaani madrasa, ndiyo maana swali lako limenigusa.

Mchungaji wa kuajiriwa alianza kazi lini?
Siku hiyohiyo. Mapatano yalikuwa ya kuanzia Mtakatifu Georgi hadi Mtakatifu Dimitri, Oktoba 26, ndipo alipwe na kurudi kwao.