Ukisoma Odyssey kwa A-level, fuata mgeni
Wewe unayesoma Ustaarabu wa Kale kwa A-level huko Uingereza, Odyssey, utenzi wa Kigiriki wa Homer kuhusu safari ya shujaa Odysseus kurudi kwao, ina vitabu 24, yaani sehemu 24, usihangaike kukariri vyote. Tenga daftari la neno moja: xenia, yaani haki ya mgeni. Kila mgeni anapofika mahali, andika namba ya kitabu na kilichotangulia, chakula au maswali. Kitabu cha 14, Eumaeus mchunga nguruwe anafukuza mbwa, anatandika ngozi ya mbuzi, anachinja vitoto viwili vya nguruwe. Mgeni akishashiba ndipo anaulizwa ni nani. Kitabu cha 9, Polyphemus, jitu lenye jicho moja, anaanza na maswali, kisha anawala wenzake Odysseus wawili. Sisi tuliolelewa na “mgeni njoo, mwenyeji apone” tunaiona tofauti hiyo upesi. Itumie kwenye insha.