Namna ya kuchimbua historia ya mji mdogo wa reli katika nyanda za Nebraska

Miji midogo ya reli ya Nebraska na Kansas, majimbo mawili jirani ya katikati ya Marekani, ina tabia moja inayomchanganya mtafiti mgeni: mingi ilichorwa kwenye ramani kwanza, watu wakaja baadaye. Ukianza na kitabu cha maadhimisho ya miaka 100 ya mji, utampata mwanzilishi shujaa, na kampuni ya reli utaikuta imekaa pembeni kama mpita njia. Anza na karatasi za ardhi. Nyingi zimo mtandaoni bure, na aliye Dodoma au Eldoret anazifungua sawa na aliye Omaha.

Jina la mji ni dalili, ila lisikudanganye. Reli ya Burlington and Missouri River ilipokuwa ikisogea magharibi kutoka Lincoln kwenda Kearney, mwanzoni mwa miaka ya 1870, stesheni zilipangwa kwa alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Mtu akiiona Harvard huanza kusaka wasomi waliohamia huko. Atasaka sana, maana ilikuwa tu zamu ya herufi H. Kabla hujakisia asili ya jina, soma majina ya stesheni tano kila upande. Pima na umbali pia. Kwa kawaida stesheni ziliachana maili 7 hadi 10, ili mkulima apeleke nafaka kwa gari la farasi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa ardhi. Fungua tovuti ya hati za zamani ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu ya Marekani, chagua jimbo na kaunti, utaletewa hatimiliki za kwanza. Maelezo ya kiwanja yatakuwa hivi: NE¼ Sec. 14, T7N, R8W, 6th P.M. Yasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. 6th P.M. ni meridiani kuu ya sita, mstari wa kaskazini hadi kusini ambao upimaji wa Nebraska na Kansas unaitegemea. R8W ni safu ya nane magharibi yake. T7N ni mstari wa saba kaskazini mwa mpaka wa Kansas na Nebraska, ambao ndio msingi wa kuhesabia. Hapo umepata mraba wa maili 6 kwa 6, wenye seksheni 36 za ekari 640 kila moja. NE¼ ni robo ya kaskazini mashariki ya seksheni namba 14, yaani ekari 160.

Wengi hukosea kwenye namba za seksheni. Moja iko pembe ya kaskazini mashariki, hesabu inaenda magharibi hadi sita, kisha saba inakaa chini ya sita na hesabu inarudi mashariki hadi 12. Ni mwendo wa plau ya ng'ombe: ikifika mwisho wa shamba inageuka palepale, hairudi kuanzia upande ule ule. Ukihesabu kila mstari kutoka mashariki, seksheni ya saba utaiweka maili tano mbali na ilipo, na familia nzima utakuwa umeihamishia kwa majirani.

Namba hiyo inakwambia pia pa kutafuta. Ndani ya eneo la ruzuku ya reli, yaani ardhi ambayo serikali ilitoa ili reli ijengwe, seksheni za witiri zilipewa kampuni, za shufwa zikabaki kwa serikali, na ya 16 na ya 36 zilitengwa kwa ajili ya shule. Mlowezi wa seksheni ya shufwa mtafute kwenye mafaili ya Sheria ya Homestead ya 1862, iliyowapa walowezi ardhi ya serikali. Aliyenunua ya witiri hutamwona huko; hati yake ya mauzo imo kwenye daftari la msajili wa hati wa kaunti. Tena, ukikuta mtu kapewa ekari 80 badala ya 160, usiandike kwamba alikuwa fukara. Hadi 1879, mlowezi wa kawaida ndani ya eneo la ruzuku hakuruhusiwa zaidi ya 80.

Ramani ya kwanza ya viwanja vya mji iko makao makuu ya kaunti, lakini makao hayo yalikuwa yakihama. Juniata ilikuwa makao ya kaunti ya Adams hadi Hastings, mji jirani ulioota pale reli mbili zilipokutana, ulipoyachukua 1878. Leo anayetafuta karatasi za Juniata anaandikia Hastings. Kwenye ramani yenyewe soma upana wa viwanja: vya futi 25 vilikusudiwa maduka, vya futi 50 nyumba. Barabara kuu ikianzia relini na kukata mji katikati kama mguu wa herufi T, karibu hakika mchoraji alikuwa wa kampuni.

Kwa majengo, tumia ramani za bima ya moto za Sanborn, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imezipiga picha. Inchi moja ni futi 50. Manjano ni mbao, waridi ni tofali, buluu ni mawe, kijivu ni bati au chuma. D ni makazi, S ni duka. Linganisha matoleo mawili ya mji mmoja: safu ya manjano ikigeuka waridi kwa pamoja, katafute habari za moto kwenye magazeti ya miaka ya katikati. Angalia pia viraka, kwa sababu nakala nyingine zilisahihishwa kwa kubandika karatasi juu ya zamani, na tarehe ya jalada si ya kila jengo.

Magazeti ya mji yana faida, ila mhariri alikuwa mpiga debe wa viwanja. Idadi ya watu anayoitaja ipunguze. Thamani kubwa iko kwenye matangazo madogo ya kisheria. Mlowezi aliyekuwa anakamilisha umiliki alitangaza majina ya mashahidi wanne, na hao ndio majirani zake halisi. Sensa ya 1890 usiisumbukie, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Kwa Nebraska kuna ya jimbo ya 1885, kwa Kansas ya 1885 na 1895.

Usisahau miji iliyokosa reli. Nicodemus, Kansas, ulioanzishwa 1877 na Wamarekani Weusi waliotoka utumwani Kentucky, ulipiga kura 1887 kutoa hati za dhamana (hati za kukopa fedha) za dola 16,000 ili reli ifike. Haikufika. Mwaka uliofuata reli ya kampuni nyingine ilipita kusini mwa mto Solomon, na maduka yakahamia huko, palipoitwa Bogue. Kura kama hiyo itafute kwenye kumbukumbu za makamishna wa kaunti, hata kama reli haikuonekana kabisa.

Mwisho fungua picha ya setilaiti. Mashamba ni miraba mitupu, hivyo reli iliyong'olewa huonekana kama mstari wa mshazari wa miti na tuta unaokata miraba hiyo. Ufuate mpaka ukutane na barabara kuu ya mji. Ukikuta hapo uwanja mtupu mwembamba, karibu na maghala marefu ya nafaka, weka alama: ndipo pa kuanza kutafuta stesheni. Jengo lenyewe lisipokuwepo, usikimbilie kuandika kuwa lilibomolewa. Stesheni za mbao ziliuzwa na kuvutwa mashambani, na nyingine hadi leo ni ghala la mtu.