Tangazo la mtaa linalotoa watu majumbani: kusafisha mitaro kabla ya masika

Kwa sisi tunaoishi bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, mitaro husafishwa Februari. Masika ni Machi hadi Mei, na ukingoja mvua ya kwanza umeshachelewa. Huu ndio utaratibu ninaoufuata kupata watu wa kujitolea.

Hatua ya 1: Ukague mtaro kwa miguu
Ufuate wote ukiwa na mjumbe, uandike kila palipoziba: karavati limejaa mchanga, fulani kajenga ukuta juu ya mtaro. Kwenye OpenStreetMap kuna ramani za bure. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro na majengo ya kata nyingi za jiji. Zitakuonyesha maji yenu yanakoelekea.

Hatua ya 2: Pita ofisi ya serikali ya mtaa
Muone mwenyekiti na mtendaji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inafaa, maana watu wameshaizoea kuwa siku ya usafi. Hapohapo omba gari la taka. Bila gari, usitangaze.

Hatua ya 3: Andika tangazo
Hapa ndipo wengi tunapopoteza watu. "Wananchi mnaombwa kujitokeza kwa wingi" haimwiti mtu yeyote. Andika hivi:

"Jumamosi saa 1 asubuhi, mtaro wa nyuma ya msikiti, kuanzia karavati hadi kwenye mwembe. Tunatoa mchanga na chupa. Tunahitaji watu 20. Mwenye beleshi, reki au toroli aje nayo. Vaa gambuti. Saa 4 tumemaliza. Usiyeweza kuingia kwenye tope, njoo utusaidie chai na orodha ya vifaa."

Mtu akisoma anajua aende wapi, abebe nini, arudi saa ngapi. Mwenye duka atajua anaweza kuwahi kufungua.

Lipeleke kwenye grupu la WhatsApp, lakini usiishie hapo. Wazee na wapangaji wapya mara nyingi hawamo. Libandike ofisi ya mtaa, omba lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, upite kijiwe cha kahawa, kwa mama lishe na kituo cha bodaboda. Vijana wa bodaboda ukiwaomba kwa heshima, wanakuja.

Hatua ya 4: Siku yenyewe
Anzeni upande wa chini, maji yanakoishia, mkipanda juu. Mkianza juu, mtayafungulia maji yakajae kwa jirani wa chini. Mitaro yetu ina maji ya vyoo na vioo vilivyovunjika, kwa hiyo asiye na glavu na gambuti asiingie, watoto wabaki juu, na sabuni iwepo.

Tope lisilundikwe ukingoni. Mvua moja tu na lote limerudi mtaroni. Lijazeni kwenye viroba papo hapo, guta livipeleke gari lilipo.

Hatua ya 5: Toa habari jioni ileile
Tuma picha mbili za sehemu moja, kabla na baada, ukiwa umewaomba ruhusa wanaoonekana. Andika michango iliyopatikana na ilivyotumika, palipobaki, na viroba ambavyo havijachukuliwa. Gari lisipokuja siku iliyoahidiwa, liandike hilo pia, kisha rudi kwa mtendaji Jumatatu asubuhi.