Kabla hujanunua kopo la amino: piga hesabu ya sahani yako kwanza

Kabla hujatoa hela ya kopo la BCAA, ile poda ya amino tatu wanayouziwa watu wa mazoezi, chukua kalamu na karatasi uandike ulikula nini jana, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku, usiruke kitu hata zile karanga ulizotafuna kwenye daladala. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita dogo mmoja ninayepiga naye tizi alikuja jimu na kopo jipya, katoa elfu themanini na tano, ana kilo 70, nikamuuliza mchana umekula nini akaniambia chipsi kavu na soda. Iliniuma kweli. Hiyo hela ni kama trei nane za mayai, yaani mayai 240, na yeye kaipeleka kwenye poda ya kuchanganya na maji.

Sasa tuelewane hizi amino ni nini maana wengi tunazinywa tu. Protini ya mwili inajengwa na amino asidi 20, na kati ya hizo kuna 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, lazima uzile. Tatu kati ya hizo tisa, leusini, isoleusini na valini, ndizo zinazoitwa BCAA. Leusini ndiyo inayoamsha kazi ya ujenzi kwenye misuli, hiyo ni kweli na imepimwa mara nyingi, ila kuamsha mafundi ni kitu kimoja na kuwa na vifaa saiti ni kitu kingine, ukiwaita mafundi asubuhi wakakuta tofali zipo ila saruji hakuna na nondo hakuna, watakaa kivulini mpaka jioni. BCAA inaleta vifaa vya aina tatu tu, zile sita nyingine za lazima zitatoka wapi kama hujala?

Utafiti ambao wauzaji wanaupenda ni wa 2017, uliofanyika Uingereza, vijana 10 waliozoea vyuma walipewa gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi na ujenzi wa misuli ukapanda asilimia 22 kuliko waliokunywa kinywaji kisicho na kitu. Ni kweli kabisa. Ila hawakwambii sehemu ya pili, kwamba hilo ongezeko ni kama nusu tu ya lile linalopatikana mtu akinywa protini ya wei, yaani ile poda ya protini ya maziwa, yenye BCAA kiasi hicho hicho, kwa sababu wei inakuja na timu nzima. Mwaka huo huo Robert Wolfe, mtafiti wa Marekani ambaye ameshughulika na haya mambo miaka mingi sana, alipitia tafiti zote za binadamu akaona hata zile mbili ambazo watu waliwekewa BCAA peke yake kwenye mshipa, ujenzi wa misuli ulishuka badala ya kupanda. Kwenye maumivu ya misuli siku ya pili kuna tafiti zinazoonyesha BCAA inapunguza kidogo, sikatai, lakini maumivu kupungua siyo sawa na kuwa na nguvu zaidi au kukimbia haraka zaidi.

Haya turudi kwenye karatasi yako. Chukua uzito wako kwa kilo zidisha kwa 1.6, hizo ndizo gramu za protini kwa siku kwa mtu anayenyanyua vyuma. Hiyo namba haijatoka hewani, 2018 watafiti walikusanya tafiti 49 zenye watu zaidi ya 1,800 wakaona kwamba ukishafika hapo 1.6, kwa wastani kuongeza protini hakuongezi misuli tena. Kwa kilo 70 ni gramu 112. Dogo wangu nilimpigia hesabu pale pale kwenye benchi: asubuhi mayai 3 ni gramu 18, glasi ya maziwa gramu 8, mkate nao una kama 4, hapo una 30. Mchana ugali wa kushiba una kama 12 na kikombe kizima cha maharage yaliyoiva kina 15, jumla 27. Jioni kabla ya tizi karanga kiganja kikubwa, gramu 50 hivi, zina 12, na glasi ya mtindi 8, hiyo ni 20. Usiku wali na samaki kipande cha gramu 120, jumla kama 32. Ukijumlisha yote unapata 109, umebakiza 3 tu, na hapo hatujagusa nyama wala kopo. Na kama samaki ni bei, dagaa wakavu gramu 30 tu, kiganja kimoja, wanakupa karibu gramu 18, kwa kweli sijaona kwenye duka lolote la saplimenti kitu kinachoshindana na dagaa kwa bei.

Igawe hiyo protini mara nne kwa siku, kila mlo gramu 20 mpaka 40, usijaze yote usiku. Kila mlo lenga leusini gramu 2 mpaka 3, na usiogope hiyo hesabu, mayai matatu na glasi ya maziwa tayari ni kama 2.4.

Hapa kwenye ugali na maharage naomba nikae kidogo maana watu wanavidharau sana. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani, mbili kati ya zile tisa za lazima, maharage yana laisini nyingi ila yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo, kwahiyo ukiviweka sahani moja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Makande ni hivyo hivyo, wali maharage hivyo hivyo. Bibi zetu hawakuwa na maabara lakini walichokuwa wanapika ndicho kile kile kopo la EAA, yaani poda ya zile amino tisa za lazima, linachojaribu kukuuzia, tena na nyuzinyuzi juu. Na kama wewe ni mkimbiaji unahitaji ushahidi zaidi, angalia utafiti uliochapishwa 2004 wa wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu wakiwa kambini, karibu robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga na protini yao ilikuwa gramu 1.3 hivi kwa kilo, chakula chenyewe ni ugali, wali, viazi, maharage, mboga, maziwa na chai ya sukari. Hao ndio wanaoshinda dunia.

Sasa kopo linafaa lini? Likifaa basi tafuta EAA yenye zote tisa au wei ya kawaida, siyo BCAA. Mimi naliona lina kazi kwa mtu ambaye baada ya tizi zito chakula hakishuki kabisa, au mchezaji aliye safarini siku nzima kwenye basi, au mzee anayefanya mazoezi ila hamu ya kula imepungua, au anayefunga Ramadhani na anapiga tizi baada ya futari na muda wa kula ni mfupi. Gramu 6 mpaka 10 za EAA kwenye maji, zinachukua dakika chache kuingia kwenye damu, kisha baadaye ule chakula cha kueleweka. Ni chungu, nakuonya, ndo maana wanaweka utamu mwingi. Kwenye daku lakini kula mayai, mtindi na maharage, usinywe poda ukalala.

Zile amino nyingine zinazouzwa dukani nazipitia moja moja. Glutamini kwa mtu mzima mwenye afya haijengi misuli, okoa hela yako. Arjinini, ile inayouzwa kwa ajili ya kupanua mishipa ya damu, ukiimeza sehemu kubwa inaliwa na utumbo na ini kabla haijafika popote, sitrulini inapandisha arjinini kwenye damu vizuri zaidi kuliko arjinini yenyewe, ila kwenye uwanja matokeo yake bado yanapishana, utafiti mmoja unasema inasaidia mwingine unasema hamna kitu.

Beta-alanini hiyo sasa ina ushahidi, iko kwenye orodha fupi ya saplimenti ambazo Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilizikubali 2018 pamoja na kafeini, kreatini, naitreti na bikaboneti. Inapandisha karnosini kwenye misuli, na karnosini ndiyo inayozuia ile asidi inayokufanya miguu iwe kama ya chuma mita 200 za mwisho. Inafaa kazi ya nguvu ya kama dakika moja mpaka nne, mita 800, mita 1500, kuogelea, raundi ya ngumi. Mtu wa marathoni haimsaidii sana na anayenyanyua seti fupi pia hivyo hivyo. Tumia gramu 3.2 mpaka 6.4 kwa siku angalau wiki 4, igawe gramu 0.8 mpaka 1.6 kila dozi, maana ukinywa nyingi kwa mpigo uso na vidole vinawashwa kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, inatisha ila haina madhara na inapotea yenyewe. Kunywa siku ya mechi tu hakufanyi kitu, ile ni ya kujaza taratibu.

Na kreatini, kitu kinachoipa misuli nguvu ya haraka, ambayo mwili unaitengeneza kwa arjinini, glaisini na methionini, kama una hela ya kopo moja tu nunua hiyo. Gramu 3 mpaka 5 kila siku, ile ya kawaida ya monohaidreti, basi. Wewe usiyekula nyama mara kwa mara akiba yako iko chini kwahiyo kuna uwezekano utaiona kazi yake kuliko mwenzio wa nyama choma. Mwanzoni utaongezeka kama kilo moja ya maji, mkimbiaji wa masafa marefu alifikirie hilo.

Ukifika dukani geuza kopo usome nyuma. Ukikuta wameandika jina la mchanganyiko na jumla ya gramu bila kutaja kila kitu kina kiasi gani, rudisha. Kwenye poda ya protini angalia kama kwenye viungo kuna glaisini au taurini iliyoongezwa, kuna watengenezaji wanaweka hizo kwa sababu ni za bei rahisi na vipimo vya kawaida vinapima naitrojeni tu, kwahiyo gramu zinasomeka nyingi wakati protini ya kweli ni pungufu.

Kama unashindana rasmi hapa nakusihi kabisa. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipima saplimenti 634 zilizonunuliwa nchi 13, asilimia 14.8 zilikutwa na dawa za jamii ya homoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Na sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, zinasema kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua, kujitetea kwamba hukujua kunaweza kukupunguzia adhabu tu. Tafuta alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, hao wanapima saplimenti kama zina dawa zilizokatazwa, ingiza namba ya toleo kwenye tovuti yao uone kama ni kopo hilo hilo lililopimwa, piga picha ya kopo na risiti uhifadhi, na usikubali poda iliyofunguliwa na kugawiwa kwenye vimfuko.

Mwenye figo mbovu asiguse chochote hapa kabla ya kuongea na daktari wake. Anayetumia dawa za sonona asinywe triptofani ya vidonge, zikikutana zinaweza kupandisha serotonini mpaka hatari. Mwaka 1989 Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki kwa sababu ya triptofani iliyohusishwa na mtengenezaji mmoja, kwahiyo kama kopo halina jina la kiwanda wala namba ya toleo liache kwenye shelfu, hata muuzaji akiwa ni rafiki yako.