Kabla ya kupitisha mchango: msaada wa gharama za saratani Marekani

Mwenzetu akigundulika na saratani hapa Marekani, tunafungua kundi la WhatsApp, tunachagua mweka hazina, na jioni hiyo hiyo orodha ya waliotoa inaanza kuzunguka. Moyo huo usife. Ila bili ya saratani haimalizwi na mchango. Matibabu huchukua miezi, pengine miaka, na watu huchoka kutoa kabla mgonjwa hajamaliza kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani. Kwa hiyo anayetaka kusaidia aanze kwa kuibana bili yenyewe.

Anzeni na hospitali. Nyingi nchini humu zimesajiliwa kama taasisi zisizotafuta faida, na ndiyo maana hazilipi kodi ya mapato. Tangu sheria ya afya ya 2010, ile ya Obamacare, hospitali ya namna hiyo inalazimika kuwa na sera ya maandishi ya kuwapunguzia au kuwafutia bili wasioweza kulipa, na kuitangaza. Wanaitangaza, lakini kwa herufi ndogo. Geuza bili, soma chini kabisa au upande wa nyuma, tafuta maneno Financial Assistance, yaani msaada wa fedha. Pale pana namba ya simu na anwani ya tovuti yenye fomu. Mwenye bima naye aombe, kwa sababu sera nyingi zinagusa hata ile sehemu ambayo bima imemwachia alipe mwenyewe.

Muda upo. Mgonjwa ana siku 240 za kuomba tangu atumiwe bili ya kwanza baada ya huduma, na katika siku 120 za mwanzo hospitali hairuhusiwi kumshitaki kwa ajili ya deni hilo wala kumharibia rekodi yake ya mikopo. Hata kama bili imeshakabidhiwa kwa wakusanya madeni, fomu ikiletwa ndani ya zile siku 240 lazima ishughulikiwe. Kitu cha kuepuka ni kulipa kwa kadi ya mkopo ili simu zikome. Ukishafanya hivyo, deni linakuwa la benki, lenye riba, na benki haina sera ya huruma.

Fomu yenyewe ndiyo inayokwamisha watu. Watataka hati za malipo ya mshahara (pay stubs), fomu ya kodi ya mwaka uliopita na idadi ya watu wanaomtegemea mgonjwa. Anayelipwa taslimu aombe barua kwa mwajiri wake. Asiye na kipato kabisa, anayelala kwenye kochi la binamu, aandikiwe barua na huyo binamu kwamba ndiye anayemhifadhi na kumlisha. Ongezeni ukurasa mmoja wa maelezo: kazi imesimama lini, kodi ya nyumba ni kiasi gani, nani nyumbani anategemea fedha anazotuma. Kila karatasi pigeni picha kabla ya kuituma, kwa maana karatasi hupotea. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi, kisha ombeni tena wapitie upya. Hamna haja ya kuhangaika peke yenu, lipo shirika la Dollar For: linasaidia watu kujaza maombi haya bila malipo.

Msamaha ukipatikana, msishangae bili nyingine zikiendelea kuja. Daktari wa usingizi, msomaji wa picha za vipimo na maabara huenda kila mmoja anatoza kivyake, na sera ya hospitali lazima iwe na orodha ya nani anaguswa na nani haguswi. Ombeni orodha hiyo.

Mtu wa kumtafuta mapema ni ofisa ustawi wa jamii wa kitengo cha saratani. Watu wetu humkwepa wakidhani ni wa serikali na atauliza makaratasi ya uhamiaji. Yeye ni mfanyakazi wa hospitali, na mara nyingi ndiye anayejua mfuko gani una fedha wiki hii. Mgonjwa asiyejimudu kwa Kiingereza ana haki ya mkalimani wa bure hospitalini. Msimtumie mtoto wa miaka kumi na miwili kutafsiri habari za kansa ya mama yake. Na wewe unayepiga simu kwa niaba ya mgonjwa, hakikisha amesaini fomu ya kuruhusu uambiwe habari zake. Bila hiyo utaishia mapokezi.

Nje ya hospitali, namba ya shirika la American Cancer Society ni 1-800-227-2345, inapokelewa saa 24. Wana mpango wa madereva wa kujitolea wanaowapeleka wagonjwa kwenye matibabu, na nyumba za Hope Lodge ambako mgonjwa anayetibiwa mbali na kwake analala bure. Shirika la CancerCare hutoa ruzuku ndogo za mambo kama usafiri. Kwa dawa za gharama kubwa kuna mifuko ya PAN Foundation, HealthWell na Patient Advocate Foundation, inayogawanywa kwa aina ya ugonjwa na ambayo hufungwa fedha zikiisha, kisha hufunguliwa tena. Kampuni nyingi zinazotengeneza dawa nazo zina mpango wa kumpa dawa bure asiye na bima. Fomu hiyo huhitaji sahihi ya daktari, basi iende naye kliniki. Akitokea mtu anayetaka ada ili akuunganishe na msaada, achana naye.

Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hutegemea jimbo, kipato na hadhi ya uhamiaji. Mwenye green card kwa kawaida husubiri miaka 5, na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji yanayostahili, wakiwamo wakimbizi, kuanzia Oktoba 2026. Mwanamke mwenye saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi aulize idara ya afya ya jimbo lake, kwani kuna mlango wake maalumu wa kuingia Medicaid, uliofunguliwa kwa sheria ya 2000. Kwa wanaohofia kesi zao za uhamiaji: msamaha wa bili unaotolewa na hospitali kwa sera yake si sawa na kuomba Medicaid. Kuhusu Medicaid, muulizeni wakili kwanza.

Mchango sasa. Uelekezeni kwenye yale ambayo fomu haiyafikii: kodi ya nyumba, mafuta ya gari, chakula, tiketi ya dada anayekuja kuuguza. Lakini msizimwage fedha zote kwenye akaunti ya mgonjwa bila kuuliza. Anayepokea SSI, malipo ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na mchango wa wikendi moja unaweza kumkatia malipo ya mwezi. Mlipeni mwenye nyumba moja kwa moja. Lakini hata hapo ofisa wa SSI aambiwe, maana kulipiwa makazi nako huhesabiwa.

Gumu kuliko yote ni la mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi akaugua akiwa hapa. Chumba cha dharura lazima kimpime na kumtuliza, awe na fedha au asiwe nazo. Ndivyo sheria ya 1986 inavyosema. Kemo na mionzi haimo humo. Bima ya safari mara nyingi haigusi ugonjwa aliokuja nao, na baadhi ya sera za hospitali zinadai mgonjwa awe mkazi wa eneo. Someni sera ya hospitali hiyo kabla ya miadi ya pili, ombeni makisio ya gharama kwa maandishi, na siku hiyo hiyo chukueni nakala za majibu ya vipimo na picha zote, ili daktari wa nyumbani aweze kuanza bila kurudia vipimo iwapo familia itaamua arudi kutibiwa huko.